Uzoefu wangu na Panzi: kigari cha porini, ndoo tisa za asali na petroli yake

Petroli ilituishia kilomita 8 kutoka kijijini, saa nne asubuhi, katikati ya miyombo, mahali ambapo mbung'o walitupokea kama wageni waliochelewa karamuni. Kwenye dashibodi vijiti viwili vya mafuta vilikuwa bado vinawaka. Mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa kwenye usukani, akanigeukia.

"Shangazi, si ulisema lita ishirini zinatosha safari mbili na nyingine zinabaki?"

Nilisema, tena kwa kujiamini. Ndivyo muuzaji alivyonipigia hesabu.

Mimi nanunua asali. Nakaa Tabora mjini, lakini mzigo wangu unatoka kambi za warina asali upande wa Sikonge, kupita Ipole. Lami ya kwenda Mpanda inanifikisha hadi kijiji kimoja, na kutoka hapo kuna kilomita 31 za njia ya msituni: kichanga, visiki, na mbuga mbili za udongo mweusi ambazo masika hazina mchezo. Miaka yote nilikodi bodaboda. Boda mmoja anafunga ndoo tatu na anataka 30,000 kwenda na kurudi, na ndoo moja kati ya hizo ikipasuka njiani ni msiba wangu, si wake. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali haina kilo 20 kama wengi wanavyodhani. Ina kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji.

Ndipo nikanunua saidi-bai-saidi iliyotumika, mtumba wa kutoka Marekani. Kwa ambaye hajakiona, ni kigari kisicho na milango ya maana, viti viwili ubavu kwa ubavu, usukani wa gari na si mpini wa pikipiki, tairi nene zenye meno, na bodi ndogo nyuma ya kubebea mzigo. Injini yake ni ya silinda moja, cc 700 kasoro kidogo, ya petroli, inasukuma mafuta kwa umeme, haina kabureta. Watoto wa kijijini walikiona kinavyoruka kwenye matuta wakakiita Panzi, na jina halijatoka. Chapa sitaitaja kwa sababu nimegundua wenzake wengi wa ukubwa huo wana tabia hiyohiyo, na nusu ya kosa lilikuwa letu.

Turudi kwenye hesabu ya muuzaji. Aliniambia kinakwenda maili 20 kwa galoni. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, na maili ni kilomita 1.6, kwa hiyo alikuwa ananiahidi kilomita 8.5 kwa lita. Safari mbili za kambini ni kilomita 124, lita 15 hazifiki. Nikaweka 20, nikajiona nimejihami. Kijana wangu yeye alivyosikia "galoni" alifikiria lile dumu la plastiki la lita 5, akapata kilomita 6 na kitu kwa lita, nikamcheka. Ikaja kuonekana kosa lake lilikuwa karibu na ukweli kuliko usahihi wangu, maana siku ile tulikuwa tumetembea kilomita 70 tu tangu tuijaze. Kilomita 3.5 kwa lita! Kuna mabasi yanakaribia hapo, na yamebeba watu.

Kijana akatembea hadi kijijini, akarudi na boda na petroli ya chupa, "lita tano" alizolipia kwa bei ya chupa, ambayo kila mtu anajua si bei ya sheli. Nilikuwa na jagi langu la kupimia asali, lenye mistari. Nikapima chupa moja baada ya nyingine kabla ya kumimina. Zilikuwa lita 4.4. Kwa hiyo kabla hujaulaumu mtambo kwamba unakula mafuta, hakikisha kwanza mafuta yenyewe yameingia. Tangu siku hiyo nabeba dumu langu kutoka sheli ya mjini, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka ya serikali inayozipanga, kama wengine wanavyosubiri matokeo ya mpira.

Baada ya aibu ile nikaamua kupima kwa utaratibu. Njia ni ya kizamani: unajaza tenki hadi shingoni, unatembea, unarudi palepale, gari limekaa vilevile kwenye uwanja tambarare, unajaza tena hadi shingoni. Kilichoingia ndicho kilichonywewa. Uwanja ukiwa na mteremko hata kidogo unajidanganya kwa lita nzima. Vijiti vya dashibodi usiviamini. Vya kwangu vinashuka polepole mwanzoni, halafu vikifika nusu vinaporomoka kama bei ya nyanya sokoni. Na kwa kuwa kinahesabu maili, tuliandika maili kwenye daftari na kuzigeuza jioni.

Tulipoanza, kwenda na kurudi, kilomita 62, kilikunywa lita 17.5. Leo kwa njia ileile na mzigo uleule kinakunywa lita 12. Hatukubadilisha injini wala kuchezea kompyuta yake. Nitaeleza tulichobadilisha kwa namna tulivyokigundua, si kwa ukubwa.

Cha kwanza kilikuwa tairi. Zilikuja na upepo wa psi 8 zote nne, na ukizitazama zilikuwa zimebonyea vizuri, zinapendeza hata. Kibandiko kwenye bodi kinataka zaidi, hasa nyuma ukiwa na mzigo. Tukaweka 12 mbele na 16 nyuma. Ni kweli kwamba kwenye kichanga kirefu tairi laini inaelea na ngumu inachimba, dereva yeyote wa porini atakwambia hivyo. Lakini kichanga kirefu kwenye njia yangu ni kama kilomita 4. Kuburuta tairi laini kilomita 27 nyingine kwa ajili ya hizo 4 ni kumlisha mbwa wa jirani.

Cha pili, fowili. Kijana wangu alikuwa anabonyeza kitufe cha magurudumu yote manne pale kijijini na kukitoa tukirudi. Anasema gari linakaa imara zaidi. Linakaa imara, ndiyo, ila ekseli ya mbele ikishaingia kazini na yenyewe inadai nguvu yake, na nguvu hiyo inatoka kwenye tenki. Sasa anaweka kwenye kichanga na mbugani tu. Kufunga difu, yaani kuyalazimisha magurudumu ya ekseli moja yazunguke sawasawa, tumefunga mara mbili tu msimu mzima.

Cha tatu ndicho kilichonifundisha zaidi. Vigari vingi vya aina hii havina gia za kupanda na kushuka kama gari la kawaida. Vina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana zenyewe, halafu kuna rungu la kuchagua H, ya kawaida, au L, ya nguvu. Sisi tulikuwa tunakwenda na H kila mahali. Ukiwa na kilo 250 nyuma, kwenye kichanga, unatambaa mwendo wa mtu anayetembea haraka, mkanda kwenye H unateleza juu ya puli. Injini inanguruma, gari halikimbii, na unasikia harufu ya mpira kama mtu anachoma kandambili. Ile harufu ndiyo petroli yako. Imegeuka joto, haikufika kwenye tairi. Tulipofungua kifuniko tukakuta mkanda umeng'aa ubavuni kama kioo, na sehemu moja umeliwa. Mpya tuliagiza Dar es Salaam, na kwa kuufunga tu, kabla hata hatujaanza kutumia L, safari ilishuka karibu lita moja na nusu.

Sasa kwenye kichanga na mbugani tunaweka L. Ila L nayo usiifanye dini. Ukikaa nayo kwenye njia ngumu injini inapiga kelele bure na mafuta yanapanda. Inarudi H mara tu ardhi inapokaza.

Filta ya hewa tunaikung'uta kila safari ya kiangazi. Vumbi la huko ni unga. Filta ikiziba gari linakuwa zito, na dereva badala ya kujiuliza anakanyaga zaidi.

Halafu kuna mbung'o, ambao hakuna kitabu cha gari kinachowataja. Kijana wangu alikuwa anaendesha kilomita 50 hadi 55 kwa saa mahali ambapo 30 inatosha, na nilipomkemea akasema, "Shangazi, nikipunguza wananila." Kweli walikuwa wanamla, tena yeye kuliko mimi. Kigari kiko wazi pande zote, na mbung'o hukifuata kitu kinachotembea. Mzee mmoja wa kambini, mrina asali tangu ujana wake, alimtazama mara moja tu akacheka. "Mwanangu, wewe umewavalia nguo yao." Alikuwa na ovaroli ya bluu. Bluu na nyeusi ndizo rangi zinazowavuta, ndiyo maana hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nikamnunulia ovaroli ya kaki. Hawakuisha, lakini walipungua kiasi cha kumfanya apunguze mwendo, na upepo unaokizuia kigari chenye umbo la boksi huongezeka kwa haraka kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukizidi mara mbili, kizuizi ni mara nne. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kuokoa petroli kwa kubadilisha ovaroli.

Kwa hiyo leo hali iko hivi. Kwenda, na ndoo tupu, kilomita 31 zinachukua lita 4.8, yaani kama 6.5 kwa lita. Kurudi na ndoo tisa ni lita 7.2, yaani 4.3 kwa lita. Tisa, si kumi na mbili, kwa sababu bodi imeandikiwa paundi 600, kilo 272. Nilijaribu kumi na mbili mara moja. Mbele pakawa pepesi, usukani ukawa unaomba ruhusa kukata kona, na lita zikapanda kupita faida ya ndoo zilizoongezeka.

Masika hesabu hubadilika kabisa. Safari inayochukua saa mbili na nusu kiangazi inachukua tano, na kinakunywa lita 16. Kwa kilomita ni hasara: 3.9 kwa lita. Kwa saa, kinakunywa kidogo kuliko kiangazi, lita 3.2 badala ya 4.8. Ndiyo maana mtambo kama huu una saa ya kuhesabu muda ambao injini imefanya kazi, na mwenye kulima au kubeba mizigo porini aitazame hiyo kabla ya maili. Siku ya kupakia tulikuwa tunaacha injini inaunguruma nusu saa nzima kwa kuogopa betri. Tuliacha. Betri haijawahi kutuangusha.

Je, inalipa? Nichukue petroli kwa 3,000 ili hesabu iwe rahisi, ingawa bei za sheli hupanda na kushuka. Lita 12 ni 36,000. Gawa kwa ndoo tisa, kila ndoo imeliwa na petroli 4,000. Boda wa kukodi alikuwa ananitoza 10,000 kwa ndoo. Hapo Panzi anashinda. Ila jirani yangu ana toyo, ile pikipiki ya matairi matatu yenye bodi. Inabeba ndoo kumi, safari nzima lita 3 na nusu, 1,050 kwa ndoo. Panzi haisogelei. Tofauti ni kwamba toyo yake kuanzia mvua zikikolea inalala uani hadi njia ikauke, na kiangazi ikifika kwenye kile kichanga cha kilomita 4 lazima watu wawili wa kusukuma, nao wanakula. Mimi Februari, wakati wengine wanasubiri, nafika kambini. Bei ya asali mwezi huo haifanani na ya Juni, wakati kila mtu ana ndoo.

Kwa hiyo kama njia yako toyo inapita mwaka mzima, nunua toyo na uachane na mimi. Kama una mbuga na kichanga, ningekushauri utafute cha dizeli kwanza. Kubota na Kawasaki wametengeneza vya dizeli, vya silinda tatu, na kwa mzigo mzito dizeli ina subira kuliko petroli. Honda wana Pioneer 1000 yenye gia halisi badala ya mkanda, na baada ya harufu ile ya kandambili naelewa kwa nini mtu angeilipia. Polaris wametengeneza hata ya umeme, iliyotangazwa kufika maili 80 kwa chaji kwa ile yenye betri kubwa. Nilimsimulia yule mzee wa kambini. Akaniuliza nitaichomeka kwenye mzinga gani.

Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu iliyoongezeka ni ya Februari. Mkanda wa akiba upo chini ya kiti cha abiria, umefungwa kwenye khanga kuukuu, pamoja na jagi la kupimia.