Wapimaji wa majitaka waliokuja mtamboni kwetu Kibosho

Nasimamia mtambo wa kumenya kahawa mbivu wa chama chetu cha msingi. Msimu huu tuliita maabara binafsi ya Moshi mjini ipime majitaka yetu kabla wakaguzi wa Bodi ya Maji Bonde la Pangani hawajapita. Kibali cha kutiririsha majitaka kina masharti yake, na ni heri ujijue mapema.

Kilichonifurahisha zaidi ni saa waliyokuja. Nilipopiga simu, dada aliyepokea aliuliza kwanza mtambo unawashwa saa ngapi. Wakulima huchuma tangu asubuhi na kuleta kahawa alasiri, tunamenya jioni. Asubuhi bomba letu la kutolea maji huwa kavu, na ukichota sampuli baada ya kuosha sakafu tu utapata majibu mazuri huku mto unaoza. Hawa walifika jioni, wakasubiri utelezi, ule ute unaozunguka punje za kahawa, uanze kushuka, wakachota kidogo kidogo hadi kazi ilipoisha, kisha wakachanganya. Hapo ndipo unapimwa ukweli.

pH, yaani kiwango cha ukali wa maji (chini ya 7 ni machachu), walipima palepale, maana hubadilika njiani. Kijana alianza kwa kusawazisha kipimo chake mbele yangu kwenye maji maalumu yenye pH ya 4 na ya 7. Karibu na mashine kilisoma 4.2, kwenye shimo la mwisho la majitaka, tulikoweka chokaa kupunguza uchachu, 6.1. Kanuni za ubora wa maji za 2007 zinataka 6.5 hadi 8.5. Hatujafika, na sikuwa na la kubisha.

Chupa ya BOD, kipimo cha hewa ya oksijeni ambayo uchafu hula majini, ilijazwa pomoni bila kuachiwa hewa, ikaandikwa saa na mahali, nikatia saini, ikaingia kwenye boksi la barafu. Kipimo hicho hukaa maabara siku 5, kwa hiyo anayekuahidi majibu kesho yake usimpe hela. Kikomo ni miligramu 30 kwa lita, na maji ya kumenyea kahawa yasiyosafishwa huwa na maelfu: ile sukari ya utelezi ikichacha hula hewa yote ya mtoni, samaki wakakosa pumzi.

Wanatoza kwa kila kipimo, na kwa chama kidogo inauma. Ila waliniambia wenyewe nisilipie metali nzito, kwa kuwa maji ya kahawa hayana sababu ya kuwa nazo. Huo ni uungwana.

Ripoti ndiyo iliyoniudhi. Ililetwa kwa Kiingereza kitupu, namba zimepangwa bila kikomo cha sheria pembeni. Wazee wa kamati waliizungusha mkononi wakanirudishia. Nikakaa na kalamu nikaandika vikomo mwenyewe, mstari kwa mstari, ndipo wakakubali tuchimbe shimo jingine la majitaka. Ripoti isiyosomwa na wanaoidhinisha pesa haisafishi mto.

Jingine ni mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa maji. Maji yetu huangukia humo, na chini yake majirani wananywesha ng'ombe, kabla hayajafika mto Weruweru, kisha mto Kikuletwa, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu kwa wavuvi. Niliomba wachote juu na chini ya bomba letu. Kijana akasema, "Mama, hiyo haimo kwenye makubaliano." Kweli haikuwamo, lakini maabara ndiyo inayojua kwamba bila chupa hizo mbili huwezi kujua umeuharibu mto kiasi gani, walipaswa kunishauri tangu kwenye simu.

Nitawaita tena, shimo likikamilika. Nawe ukiwaita, wataje saa mtambo unapofanya kazi, lipia chupa mbili za mtoni, na udai ripoti ya Kiswahili kabla hujatoa malipo ya awali.