Nimelipia programu ya kukisia domeini (majina ya tovuti) zinazokosewa, ngojeni niwaambie

"Ndugu mteja, watu wasiojua kuandika kwa kawaida si wanunuzi."

Hivyo ndo nilivyojibiwa na kustoma kea wao kwenye chati. Skrinshoti ninayo mpaka leo, nikikaa vibaya naifungua naisoma tena, hasira zinapanda upya, sijui huwa najitafutia nini. Na swali nililouliza lilikuwa la kistaarabu kabisa, wala sikuandika kwa herufi kubwa. Herufi kubwa zilikuja baadaye.

Iko hivi. Nina tovuti ya kuuza michoro ya kudarizi, faili tu, unalipia unapakua unaweka kwenye mashine yako. Jina lenyewe silitaji nisije nikaonekana natangaza biashara, ila linaishia na neno darizi. Watu wanalikosea, najua wanalikosea, sasa nikasema badala ya kukaa nakisia kichwani nilipie hawa jamaa wanaojinadi kwamba unawapa jina lako wao wanakutolea orodha ya namna zote linavyoweza kukosewa, kila moja na maksi zake kwa mia kuonyesha kama litavuta wageni au litakaa bure, wewe kazi yako kuchagua na kununua uyaelekeze kwenye tovuti yako. Habari za vifurushi na dashibodi zipo kwao, kasomeni wenyewe.

Orodha ya kwanza ilinifurahisha, nisiwanyime haki yao. Juu kabisa walikuwa wameweka lile la mtu kusahau nukta baada ya www, yaani www imegandana na jina, mi mwenyewe nisingelifikiria. Chini yake likafuata ambalo darizi imekuwa datizi, maksi 91. Nikajiuliza ni nani huyo duniani anaandika datizi, lakini ukiangalia kibodi kweli R na T zimekaa jirani, kidole kikiteleza kidogo tu umeshaandika T, nikasema hawa wanajua wanachofanya bwana. Nikanunua matatu kwa mpigo.

Siku mbili za kwanza grafu inapanda tu. Wageni hao! Nikatamba nyumbani mpaka nikaambiwa ninyamaze. Halafu usiku mmoja usingizi umekata nikasema nifungue logi za seva, yaani kumbukumbu za kila anayeingia na anachoomba, nione hao wageni wa datizi wanapenda michoro gani, na hapo ndo nilipoishiwa nguvu. Karibu kila mgeni anaomba wp-login.php, mlango wa kuingilia wenye tovuti zilizotengenezwa kwa WordPress. Mwingine anaomba .env, faili la kufichia nywila za seva. Mwingine kachukua robots.txt, faili la maelekezo ya boti, kaondoka zake. Tovuti yangu haijawahi kutumia WordPress hata siku moja! Hao si watu, ni boti, programu zinazojiendesha zenyewe, zinazopita mlango kwa mlango zikijaribu vitasa. Ukishachukua cheti cha https (kile cha usalama wa tovuti) kwa domeini mpya, jina lake linaingizwa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma, na boti zinalisoma daftari hilo mchana na usiku, dakika chache tu zishafika kwako. Kwa hiyo hata ukisajili jina lililoandikwa na paka aliyepita juu ya kibodi, utapata "wageni". Mtu wa kweli unamjua, anafungua ukurasa na picha zake zote zinapakuliwa, anakaa kidogo, anabonyeza kitu kingine. Kwa datizi nilihesabu watu wa kweli wawili. Mmoja ni mimi.

Sasa sikilizeni. Siku hizo hizo akanipigia mteja wangu mmoja, mama mtu mzima. "Mwanangu, mbona duka umelifunga?" Nikamwamkia, nikamwambia hapana mama duka lipo wazi, hebu nisomee ulichoandika hapo juu, herufi moja moja. Akanisomea taratibu, na mwishoni kabisa ikaja: d, a, l, i, z, i.

Dalizi!

Huyo mama kidole chake hakikuteleza popote. Kaandika anavyotamka, na kaandika kwa utulivu. Nikakimbilia kwenye programu kuangalia dalizi wameipa ngapi. Nne. Maksi nne kwa mia, na rangi nyekundu pembeni kwamba usipoteze hela. Tarizi je, ambayo ni neno halali kabisa na kamusi zina vyote viwili, darizi na tarizi? Haikuwepo kwenye orodha kabisa.

Nikaenda kusoma kwa hasira, maana mi nikikasirika ndo nasoma. Kumbe mambo haya ni ya zamani, mwaka 1964 mtu anaitwa Damerau alishaandika kwamba makosa mengi ya tahajia, zaidi ya asilimia 80, ni kosa moja tu la aina nne: herufi imedondoka, imeongezeka, imebadilishwa, au mbili jirani zimepishana. Programu inachukua aina hizo nne halafu inapima umbali wa herufi kwenye kibodi, basi, hakuna uchawi mwingine. R iko juu mkono wa kushoto, L iko kulia kabisa, kwa hiyo kwa hesabu zao mtu hawezi kukosea R akaandika L. Hawezi! Waende wakawaambie hivyo watu wanaosema Kiswahili. Na si R na L peke yake, kuna dh na z, th na s, gh na g, na h inayomezwa kila siku. Kuna kosa la kidole na kuna kosa la sikio, hawa wameuza la kidole tu kwa bei ya yote mawili.

Na la kidole lenyewe siku hizi linakufa taratibu. Brauza inakumalizia jina kabla hujafika nusu, ukikosea inakupeleka kwenye utafutaji na utafutaji unakusahihisha. Aliyeteleza anajiona, anafuta, anaandika upya, haji tena kule kwenye kosa. Lakini anayeamini kwa moyo wake wote kwamba neno ni dalizi ataandika dalizi leo, kesho na mtondo, atamtumia na shoga yake, na shoga yake naye ataandika dalizi. Huyo ndo trafiki. Huyo ndo nilikuwa namtafuta.

Basi nikaingia kwenye chati. Nikauliza, jamani, hivi mnazingatia matamshi ya lugha ya watumiaji au kibodi tu? Kimya. Vinukta vinacheza, vinaacha, vinacheza. Ndo likaja jibu la hapo juu, watu wasiojua kuandika si wanunuzi. Nikamwandikia kwamba huyo mama unayemsema kashanunua kwangu mara tatu. Akajibu, "Tunafurahi kukuhudumia, je una swali jingine?" Nikasema ninalo, hizi domeini tatu ziko ndani ya siku tano, nirudishieni hela. Maana zile siku tano zipo kweli, msajili, yaani kampuni inayokuuzia jina, anaweza kuifuta domeini mpya ndani ya siku tano na yeye asidaiwe, zamani wajanja walikuwa wanasajili maelfu wanayaonja, yasiyoleta wageni wanayarudisha, mpaka ICANN, wasimamizi wa majina ya tovuti duniani, wakaja kulibana mwaka 2009. Mi nataka kurudisha matatu tu. Akasema utaratibu huo hauwahusu wateja, akafunga chati. Kanifungia mimi nikiwa katikati ya sentensi.

Nikanunua dalizi na tarizi kwa msajili mwingine kabisa, kwa ubishi tu, sikatai. Dalizi haikumaliza wiki ikawa imeyapita yale matatu yote kwa watu wa kweli. Na si wageni wa tovuti peke yao, nilifungua sanduku la kupokea barua pepe zote zinazotumwa kwenye domeini hiyo na baada ya kama wiki mbili nikakuta oda ndani. Oda! Watu wanaandika anwani kwa mkono na huko hakuna wa kuwasahihisha, barua ilikuwa inagonga mwamba wanadhani mi najidai. Mnakumbuka ile habari ya mwaka 2023, barua pepe za jeshi la Marekani zinazoishia na .mil zilivyokuwa zinaangukia .ml ya Mali kwa kudondosha herufi i, mamilioni ya barua kwa miaka na miaka. Wale wana jeshi zima na bado wanakosea, mteja wangu ni nani asikosee.

Kitu kingine, na hiki ndo kinanifanya nisimshauri mgeni aiguse: ukiandika neno la kawaida inakupendekezea na makosa ya majina ya makampuni makubwa, maksi 95, kitufe cha kijani "nunua sasa", onyo hakuna hata la maandishi madogo. Mtu mgeni atabonyeza. Marekani kuna sheria tangu 1999, ukisajili jina la kufanana na alama ya biashara ya mtu kwa nia mbaya unaweza kupigwa dola 1,000 mpaka 100,000 kwa kila jina, na bado kuna utaratibu wa UDRP, wa kuamua migogoro ya majina ya tovuti, unaoweza kukunyang'anya jina bila hata kukanyaga mahakamani. Mi nanunua makosa ya jina langu mwenyewe, hilo ni jambo jingine kabisa, msije kuniuliza.

Nilitaka kuwapa nyota moja. Halafu nikakumbuka lile la www bila nukta, walilolipendekeza wao, linaniletea mtu wa kweli karibu kila siku, siwezi kusema uongo. Nikapandisha zikawa tatu. Nimeandika mpaka hapa nikasoma tena ile skrinshoti, zikashuka zikawa mbili.

Kabla sijatuma nimeingia kwenye programu kuangalia dalizi bado ina nne. Haina. Ina 88. Imepanda kwa sababu ya wageni ninaowapokea mimi, kwenye domeini niliyoinunua mimi, baada ya wao kunikataza, na pembeni wameandika "imechukuliwa" na chini yake kitufe cha kumtumia mmiliki ofa. Nimekibonyeza. Dakika mbili hazijaisha simu yangu imelia: "Mpendwa mmiliki, kuna mnunuzi makini anavutiwa na jina lako."

Nyota moja.