Psion ya mjomba, Nokia ya mtumba na fundi wa Ngamiani

Nianze kwa kusema hii sio rivyu ya simu mpya, ukitafuta simu mpya pita tu. Ni rivyu ya fundi. Kazi niliyompelekea wenzie wawili walishanicheka, mmoja akanambia kabisa kaka hiyo peleka makumbusho pale Urithi watakushukuru.

Kitu chenyewe ni Psion 5mx, ya 1999, kompyuta ya mkononi ya Waingereza. Mjomba alikua anaandikia hesabu za shamba la mkonge huko Muheza, alipostaafu ikalala kabatini miaka na miaka mpaka mwaka juzi akanipa, akasema chukua wee unayependa kuandika andika. Na kweli jamani kwa kuandika sijaona mfano wake, ukiifungua kibodi inateleza yenyewe inakuja mbele, kioo kinaegemea nyuma, vitufe vinabonyea vizuri na vidole vyote kumi vinapata pa kukaa. Haina chaja, inakula betri mbili za AA, zile za rimoti. Umeme ukikatika mtaani mi niko barazani natwanga tu.

Sasa ubaya wake inaandika ila haitumi. Waifai haijui, blutuuthi haijui, ilizaliwa enzi za kupiga simu ndo upate intaneti. Mi nilichotaka ni kidogo tu, nikimaliza kuandika niweze kutuma imeili hapohapo bila kunakili upya kwenye simu.

Kibanda cha fundi kipo hapa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, ya ngapi sisemi maana mwenyewe hakupenda kutangazwa, alisema watamletea kila mkebe wa mjini. Mtu mzima, kofia ya kiua, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu, umeniletea redio?"

Nikamfungulia. Akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akakitazama kile kijidirisha cheusi akacheka peke yake. Akasema hii inataka simu yenye infraredi, yani ya kuongea kwa mwanga bila waya, hiyo smatifoni yako rudisha mfukoni haitusaidii. Akanielezea vizuri bila kunifanya mjinga, kwamba simu za siku hizi zinagawa intaneti kwa waifai lakini hazikubali kujifanya modemu, kile kifaa cha kuipitisha kompyuta kwenye simu iingie intaneti, kama za zamani, na hii mashine yangu inachojua ni modemu tu, haina lugha nyingine. Kwenye boksi lake la simu za mtumba akachomoa Nokia 6310i, hiyo ina infraredi na ina GPRS, ile data ya simu ya kizamani. 35,000. Laini yangu ilikua ile ndogo kabisa ya kukatwa, akaivalisha fremu ya plastiki ikaenea, hiyo hakunichaji.

Kilichonifanya nimpende ni hiki, kabla hajapokea hela alinambia kisichowezekana. Alisema mwanangu nikikuunganisha utaunganika, ila tovuti nyingi hazitafunguka na usije ukarudi hapa kunigombeza. Si mambo ya spidi, ni kufuli. Tovuti karibu zote siku hizi zinazungumza kwa siri, na siri yenyewe ni ya aina mpya ambayo brauza ya 1999 haijawahi kuisikia, kwaiyo seva inakufungia mlango kabla hata hujabisha. Na imeili za makampuni makubwa hivyohivyo. Mafundi wangapi wangekula hela yangu kwanza halafu hayo niyagundue nyumbani?

Kazi ilikua 15,000, na aliifanya mbele yangu. Akaingia kontroli paneli, kwenye modemu akachagua infraredi, spidi 115200, halafu ule mstari wa kuiamsha akauandika kwa kidole kimoja kimoja ulimi nje: AT+CGDCONT=1,"IP","internet". Hilo neno la mwisho ndo jina la mlango wa kampuni ya laini, lako linaweza kua jingine, ulizia. Namba ya kupiga *99#. Jina na nywila tukaweka chochote, laini yangu haikujali.

Nikamuuliza mbona haipigi zile kelele za kriii krooo. Akasema kelele zile zilikua modemu mbili zinasalimiana kwenye waya wa simu, hapa hupigi simu kwa mtu, *99# ni kuiambia Nokia nifungulie njia ya data.

Sasa ikagoma. Mara ya kwanza, ya pili, ya nne, alama ya infraredi kwenye Nokia inapepesa tu haitulii. Fundi akarudia setingi zote, akafuta, akaandika tena, tukatuma kijana akalete kahawa na kashata. Kumbe jua. Saa sita ya Tanga mnaijua, lilikua limepiga meza nzima, na infraredi nayo ni mwanga usioonekana, mwanga wa jua unaimeza. Mama mmoja aliyekua anasubiri kioo cha simu yake ndo alisema si muingie ndani, akatupa na mtandio tufunike. Tukafunika. Alama ikatulia. Psion ikaandika imeunganishwa na mzee akapiga kofi la paja.

Kuhusu spidi msitegemee makubwa. GPRS ya Nokia ile hata kwenye makaratasi haizidi kilobiti 40 na kidogo kwa sekunde, yani modemu ya 56k ya waya inaishinda. Ukurasa wa maandishi matupu unakuja polepole kama maji ya bomba asubuhi ila unakuja. Picha sahau. Imeili nimepata njia, mpwa wangu ana seva yake, akanifungulia sanduku la barua lisilo na kufuli, na mi humo situmi siri wala namba za benki, natuma maandishi yangu basi.

Haya, lawama. Baada ya siku ile nilimwachia mashine aisafishe, akasema njoo Jumanne. Nimeenda Jumanne, Jumatano, nimeipata Ijumaa, na muda wote ilikaa kwenye kabati la kioo juani, ile rangi ya mfuniko iliyokua inabanduka kidogo ikabanduka vizuri.

Kubwa zaidi ni betri. Psion pale ndani ina betri ya sarafu inayolinda kumbukumbu wakati unabadilisha zile kubwa, na kila kitu unachokiweka kwenye mashine kinaishi kwenye hiyo kumbukumbu, setingi zote zimo humo. Ya kwangu ilikua imekufa. Mi nitajuaje? Wiki ya pili natoa AA mbili niweke mpya, kuwasha naona mashine inanisalimia kama haijawahi kuniona, modemu hamna, *99# hamna. Nashukuru maandishi yalikua kwenye kadi ya kuchomeka, hiyo haitegemei betri. Nikarudi Ngamiani, mzee akasema ah ile sarafu sikuipima, akaandika upya yote, halafu akanidai 5,000! Nimelipa maana ni mtu mzima na mi sina ulimi wa kubishana na wazee, lakini iliniuma, kosa la kutoipima si langu. Safari hii nilikaa pembeni na daftari nikanakili kila herufi.

Nampa nyota nne. Ya tano imebaki na ile 5,000.

Sasa hivi usiku naweka Nokia na Psion mezani zinatazamana pua kwa pua, naminya, nasubiri, barua inaondoka. Mwanangu wa miaka minne ameshajua akipitisha mkono katikati kinakatika, kwaiyo anapitisha.

Ukienda nenda kabla ya saa nne, baada ya hapo kinajaa wenye vioo vilivyopasuka na hakusikilizi. Na betri ya sarafu nunua mwenyewe njiani, CR2032, mwambie aiweke ukiwa umesimama hapo.