TAHADHARI: Msisaini "barua ya kumruhusu mchezaji" mkiwa hamjaisoma

Makocha na viongozi wa vituo vya kulea vipaji, hasa nyie wa mikoani, kuna jamaa anazunguka akijitambulisha kuwa wakala wa kupeleka vijana Ulaya. Kavaa vizuri, anaongea taratibu, vijana wenu anawajua kwa majina. Hela hataki. Hapo ndipo anapowapata wengi, maana tumezoea kwamba tapeli ni yule anayeomba ya viza.

Anachotaka ni sahihi na muhuri. Karatasi yake nimeishika mwenyewe, alipoipeleka kwa klabu ya jirani zetu wakaniita niwasomee. Ukurasa mmoja, Kiingereza cha kisheria, juu imeandikwa ni barua ya kumruhusu mchezaji. Aya ya kwanza haina neno, klabu inamtakia kijana kila la heri. Sumu iko ya pili: klabu inasamehe madai yote ya fidia ya mafunzo (pesa wanayolipwa waliomlea mchezaji), ya sasa na ya baadaye, kwa klabu yoyote itakayomsajili. Penye jina la klabu mpya pameachwa nukta nukta. Tarehe haipo. Kwa sahihi hiyo klabu inaachiwa jezi seti moja, mipira na shilingi laki nane, mwenyewe anaita kishika uchumba.

Sasa pigeni hesabu ya hicho mnachokisamehe. Kwa kanuni za FIFA, kijana akienda nje na kusajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, kabla haujaisha mwaka anaotimiza miaka 23, klabu mpya inawalipa waliomlea. Inahesabiwa miaka aliyofundishwa kuanzia 12 hadi 21. Kiwango hakiangalii nyie mlitumia shilingi ngapi kwa maji na nauli, kinaangalia daraja la fidia (si la ligi) ambalo klabu inayomchukua imepangiwa. Kwa Ulaya, daraja la kwanza ni euro 90,000 kwa kila mwaka wa malezi, la pili 60,000, la tatu 30,000, la nne 10,000, ingawa klabu ya daraja la nne yenyewe ikimchukua hailipi fidia. Miaka ya 12 hadi 15 inahesabiwa kwa kiwango cha daraja la nne. Kwa hiyo kijana aliyekuwa kwenye usajili wenu tangu mwaka aliotimiza 14 hadi ule aliotimiza 17, akichukuliwa na klabu ya daraja la tatu, ni miaka miwili ya 10,000 na miwili ya 30,000. Euro 80,000. Na hiyo ni hata kama kaondoka bure, bila ada yoyote ya uhamisho.

Laki nane, jamani.

Mwenyewe anasema, "Msijali, akiuzwa tena mtapata." Si kweli kwa fidia. Akihama tena akiwa tayari wa kulipwa, fidia inakwenda kwa klabu aliyotoka tu, nyie mmeshapita. Kinachobaki ni fungu la mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho, linalogawiwa klabu zote alizosajiliwa kati ya miaka 12 na 23. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020 alikuwa na miaka 27, fidia ya mafunzo haikuwepo tena, ila mshikamano upo kwa umri wowote. Ni pesa nzuri, lakini lazima kwanza kuwe na ada.

Kingine anachowatishia ni kwamba "kituo chenu hakitambuliki, hamna haki". Hapo kachanganya ukweli na uongo. Kituo ambacho hakiko chini ya TFF, shirikisho letu la soka, kweli hakidai. Lakini kama kijana mlimsajili kwenye klabu ya ligi ya wilaya, hata ya ridhaa, klabu hiyo ina haki. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia FIFA Clearing House, iliyoko Paris, na wanachofuata ni pasipoti ya mchezaji, si ile ya kusafiria, bali inayotokana na rekodi za usajili. Aliyecheza ndondo miaka minne bila usajili, kwenye pasipoti hiyo hamumo. Sajilini watoto sasa, msisubiri wakala atokee.

Na huyu jamaa anamwahidi Ulaya kijana wa miaka 16. Kuhama nchi ukiwa chini ya miaka 18 FIFA imekataza, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Kijana wa Tanga au Kigoma ambaye mama yake yuko hapa hapa haingii humo. Wakala halali naye ana leseni ya FIFA kwa jina lake, si la kampuni, na jina linatafutwa kwenye orodha yao mtandaoni. Mwambieni atoe kitambulisho, mtafute mbele yake. Kule kwa jirani alipoombwa alisema kasahau kwenye gari, na hakurudi.

Kuna na tapeli mwingine, wa kupiga simu, anasema mna fidia yenu imekwama FIFA, tumeni ada ya kufungulia faili. Huyo kateni simu.

Wa barua akifika kwenu, mpigeni picha hiyo karatasi kabla hajaikunja, muipeleke kwa katibu wa chama cha soka cha mkoa. Kama mmeshasaini, pelekeni nakala TFF mapema na mueleze sahihi ilivyopatikana, kabla kijana hajasajiliwa huko aendako.