Kisu cha usalama kwenye kayaki: uzoefu wangu katika maji ya Paje na Jambiani

Kisu ninachokielezea hapa ni cha aina inayotengenezwa mahususi kwa wapiga kafi: bapa lisilokunjika la urefu wa takribani sentimita 8, ncha iliyokatwa butu, upande mmoja makali ya kawaida na upande wa pili makali ya meno kama ya msumeno, pamoja na ala ya plastiki ngumu inayofungwa kwenye jaketi la kuokoa maisha. Nilikinunua kwa sababu mara nyingi napiga kafi kati ya ufukwe na mwamba wa matumbawe, upande wa mashariki wa Unguja, na huko kinachomnasa mtu ni kamba kuliko kitu kingine chochote. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika vijiji vya Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo sehemu kubwa ya pwani hiyo imetandikwa kamba zilizofungwa kwenye vigingi vilivyokitwa mchangani. Maji yakitoka, kila kitu kinaonekana. Yakijaa kabisa, kayaki inapita juu kwa nafasi ya kutosha. Wakati mbaya ni maji yakiwa nusu, kamba zikiwa chini kidogo tu ya uso wa maji na mwani umezifunika, kwa kuwa mtu akipinduka hapo miguu yake inatua katikati ya kamba hizo. Ongeza nyavu zilizotegwa na mishipi iliyokatika na kuachwa kwenye matumbawe, na utaona kwa nini sitoki bila kitu cha kukatia.

Kuhusu ukataji sina malalamiko. Meno yanapita kwenye kamba ya plastiki ya mwani kwa mivuto miwili mitatu hata ikiwa imelowa na ina utelezi, na uzi wa nailoni wa nyavu unakatika kwa kuguswa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kamba iliyolegea humkimbia mkataji: inakunjika mbele ya makali badala ya kukatika. Ni lazima uikamate kwa mkono mmoja, uivute iwe kitanzi kilichokaza, kisha ukate kuelekea nje, mbali na mwili. Ncha butu ina faida yake hapo, kwa sababu mkono unaopapasa chini ya maji hauoni, na kisu chenye ncha kali kinaweza kumchoma paja aliyekishika, au mwenzake anayemsaidia, au kutoboa kayaki ya kujazwa upepo.

Ila ubora wa bapa ni sehemu ndogo ya habari. Kilichonisumbua kwa muda mrefu ni ala na mahali pa kuifunga. Ala hii ina masikio mawili pembeni, na kisu hakitoki mpaka uyabane kwa kidole gumba na cha shahada, ndipo uvute. Dukani utaratibu huo unavutia, kwa kuwa ni mwepesi na hauhitaji mkono wa pili. Nikaifunga katikati ya kifua, kwenye kile kipande chenye matundu manne kilichoshonwa mbele ya majaketi mengi, kama maelekezo yalivyosema. Tatizo lilijitokeza wakati wa mazoezi ya kurudi kwenye kayaki kutoka majini, kwa sababu mtu hupanda kwa tumbo, akijiburuta juu ya ubavu wa chombo, na uzito wote wa kifua unaibana ala dhidi ya plastiki ya kayaki. Kubanwa ndiko kunakoifungua. Kisu kilichomoka na kuzama, nikakipata kwa sababu tu maji yalikuwa ya kiunoni na mchanga wa pale ni mweupe. Kwenye mkondo wa kina kingekuwa kimekwenda.

Nilijaribu kukihamishia kiunoni, na sipendekezi: mkanda wa kiuno unajificha chini ya jaketi, na ukiwa umekaa kwenye kayaki ya kuingia ndani, turubai la kuzuia maji linakifunika kabisa. Kwenye muundi, kama wafanyavyo wazamiaji, ni mbali zaidi, tena mguu ndio unaonaswa kwanza. Mfuko wa jaketi wenye zipu unakilinda vizuri mno kiasi kwamba vidole vilivyokunjamana kwa maji havifungui zipu kwa haraka. Sasa kimekaa juu kushoto, karibu na bega, mpini ukielekea chini na kwa ndani kidogo. Mkono wa kulia unakifikia kwa kuvuka kifua, mkono wa kushoto unakifikia kwa kukunja kiwiko tu, na ninapopanda kwa tumbo sehemu hiyo inabaki juu ya ukingo. Nimeongeza pia mafundo mawili ya kamba nyembamba kwenye matundu ya ala, kwa kuwa kibanio chake cha asili kilikuwa kinacheza, na ala inayocheza humfanya mtu avute ala nzima badala ya kisu.

Watu huuliza kwa nini sikukifunga kigwe ili kisipotee. Kigwe ni kamba nyingine juu ya mtu ambaye shida yake ni kamba, na kisu kilichokwisha kutoka alani kikining'inia mbele ya tumbo katikati ya mawimbi kinanitisha kuliko kisu kilichozama. Afadhali ninunue kingine.

Kuhusu kutu, mtengenezaji anadai chuma chake hakishiki kutu, na mimi nasema kinachelewa kushika. Madoa ya rangi ya kahawia yalianza kwenye mabonde ya meno, mahali ambapo chumvi na maji hubaki ndani ya ala. Dawa ni kuchomoa kisu kila unaporudi, kuosha kisu na ala kwa maji yasiyo na chumvi, kuvikausha vikiwa mbalimbali na kutia tone la mafuta ya cherehani. Mchanga nao ni lazima utolewe, kwa sababu ukijaa nyuma ya masikio ya ala, hayabaniki. Vipo visu vya titani, na vya chuma cha H1 ambacho kimepunguziwa kaboni na kutiwa naitrojeni. Hivyo vinastahimili bahari zaidi, kwa bei kubwa zaidi. Hiki changu kilinigharimu zaidi ya laki moja, na kwa bei hiyo nilitarajia angalau mwaka bila madoa.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika maelekezo ya mtengenezaji. Kamba ya mwani ni mali ya mtu, mara nyingi mama aliyesimama saa kadhaa juani akifunga miche kwa taitai, yaani vikamba vidogo vya kufungia mwani. Kwa hiyo, kama umenaswa lakini kichwa kiko juu na unapumua vizuri, simama, legeza, jitoe kwa mkono. Kisu kinabaki alani. Ukilazimika kukata, unga kamba papo hapo ukiweza, kisha mtafute mwenyewe umweleze na umlipe.

Kwa wanaoongoza wageni kwenye kayaki pana za kukaliwa juu, nisingenunua kisu hiki. Ningechukua kikatio cha ndoano, kile ambacho makali yake yamefichwa ndani ya mdomo mwembamba unaopitisha uzi na kamba nyembamba tu, bila hatari kwa kidole cha mgeni aliyeshtuka. Kwa mpiga kafi mwenye mazoezi, hiki kinafaa, mradi kisikae katikati ya kifua. Anayesafiri nacho kwa ndege akipakie kwenye begi la mizigo, kwa sababu ncha butu haiwashawishi wakaguzi wa mizigo ya mkononi.