Ruta ya laini kwa kazi za mtandaoni Dodoma: uzoefu wangu wa kiangazi na masika

Ruta ninayoizungumzia ni ile ya 4G ya kuchomeka ukutani, inayoingia laini ya kawaida, yenye matundu mawili ya antena nyuma. Naitumia Dodoma kwa kazi za wateja walio nje ya nchi, na inatosha kabisa. Wengi wanaoilalamikia hulaumu bando, wakati tatizo ni pale walipoiweka.

Mji huu umetawanyika na una vilima vya mawe. Kilima kikikaa kati ya nyumba na mnara, ukaongeza paa la bati na nondo za madirisha, mawimbi hufika yamechoka. Vijiti vya taa visikudanganye, vinaonyesha nguvu tu, havionyeshi usafi. Fungua ukurasa wa ruta kwa namba iliyo kwenye kibandiko chini yake (mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1) utafute RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (usafi wake). RSRP ya -90 ni nzuri. Ikishuka hadi -110, kikao cha video hakikaliki. Mimi hutazama SINR kwanza: ikizidi 13 fanya kazi bila wasiwasi, ikiwa chini ya 5 sauti hukatakata hata vijiti vikiwa vimejaa. Hamisha ruta dirisha hadi dirisha, kila mahali isubiri dakika mbili namba zitulie. Dirisha la magharibi liepuke, jua la mchana la Oktoba huipasha ruta joto hadi inajizima. Upepo wa kiangazi nao hujaza vumbi kwenye matundu ya hewa, pitisha brashi kavu mara kwa mara.

Namba zikigoma ndani ya nyumba, nunua antena ya nje ya jozi. Kabla ya kulipa angalia kama matundu ya antena ya ruta yako ni ya aina ya SMA au TS9, maana hayaingiliani. Waya usizidi mita 5, kwa sababu waya mwembamba ukiwa mrefu hula faida yote ya antena. Mwambie fundi azilaze nyuzi 45, moja kushoto, nyingine kulia.

Jambo ambalo muuzaji hakwambii ni saa. Sisi hatusogezi saa, wenzetu wa Marekani na Ulaya wanasogeza. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa 3 asubuhi yao, hapa ni saa 11 jioni wakati wa baridi yao, na saa 10 jioni wakati wa joto. Kwa hiyo vikao vyako vinaangukia kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, muda uleule ambao mtaa mzima umerudi nyumbani na mnara umeelemewa. Kipimo cha kasi kilichofanyika dukani asubuhi hakina maana. Pima saa 2 usiku, nyumbani kwako. Kama ruta inaruhusu kuchagua masafa na mnara uko karibu, jaribu MHz 1800 badala ya MHz 800. Yale ya chini hufika mbali na kupenya ukuta, ndiyo maana mara nyingi hubanana zaidi. Mwenye mteja wa London ana nafuu: saa 3 asubuhi yao ni saa 6 au saa 5 mchana kwetu.

Umeme sasa. Kompyuta ina betri, ruta haina, na ikizimika hata kwa sekunde moja hutumia dakika nzima au zaidi kujiunga tena. UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta ya volti 12 ni lazima, siyo anasa. Iliyoandikwa mAh 8,800 huhesabiwa kwa volti 3.7, yaani kama Wh (wati-saa) 32. Toa kinachopotea, zibaki kama 27. Ruta inayokula wati 8 itakaa saa tatu na kitu. Ruta ikiandikwa 12V 2A na UPS ikatoa 1A, itajiwasha upya kila vifaa vikiongezeka. Pini ya umeme nayo ina vipimo viwili vya milimita, 5.5×2.1 na 5.5×2.5, ukikosea, ama haiingii ama inacheza na kukata.

Kikao cha video hula takriban GB 1 kwa saa. Bando la "bila kikomo" mara nyingi lina kiwango ambacho ukikipita kasi hushushwa, kiulizie kabla hujalipia. Kwenye Windows weka mtandao uwe wa kupimwa (metered), ili isipakue vitu vikubwa yenyewe, na zima upakiaji wa picha mtandaoni wa simu zote za nyumbani.

Weka laini ya kampuni nyingine kwenye simu kwa ajili ya hotspoti, kwani umeme ukikatika muda mrefu mnara nao hulala. Itakufaa kwa mnara, haitakufaa kwa kila kitu: Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao uliyumba nchi nzima, na aliyekuwa na laini mbili aliteseka vilevile. Siku kama hizo zima kamera, bakia na sauti.

Ruta hii haimfai anayetaka kuingia kwenye kamera au seva ya nyumbani akiwa mbali, kwa kuwa laini za simu kwa kawaida hugawana anwani moja ya mtandao (IP) kwa wateja wengi. Haimfai pia anayepakia video nzito kila siku. Hao, kama faiba imefika mtaani kwao, wavute faiba na ruta ibaki ya akiba.