Ushauri wa kikundi, Ngara: karatasi zao nazisifu, bango lao walishushe

Kikao ni shilingi 500, Jumamosi asubuhi, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vipuri. Lifti hakuna. Chumba cha pili wanakodi watu wa kanisa, kwa hiyo kuna dakika unaeleza huzuni zako huku kwaya ikipanda sauti.

Mimi nauza mapazia ya mitumba soko la Gikomba, hapa Nairobi. Kama hujawahi kufungua bale, lile furushi la mitumba, ukakuta kamera tatu (ndiyo daraja la kwanza) na zilizobaki zote fagia (daraja la chini kabisa), huwezi kujua kichwa kinavyosema siku hiyo: sina bahati, biashara imenishinda, heri nirudi Machakos. Wenzangu sokoni dawa yao ni moja: "Usijali mama, fikiria mazuri tu." Nimejaribu. Hayafikiriki.

Hapa hawakuambii ufikirie mazuri. Unapewa karatasi yenye safu: kilichotokea, wazo lililokujia, unaliamini kwa asilimia ngapi, ushahidi wa kuliunga mkono, ushahidi wa kulipinga, halafu asilimia tena. Niliandika "sina bahati", 90. Kwenye ushahidi nikaweka lile bale. Mshauri, mama mpole lakini haachi kitu, akauliza, "Na bale lililotangulia, mama?" Lile lilikuwa zuri, ndilo lililolipa karo. Sikuwa nimeliandika popote. 90 ikashuka hadi 60, naye akasema 60 inatosha kwa leo. Hapo ndipo nilipoanza kuwaamini, maana hakuna aliyetaka nitoke nikipiga vigelegele.

Njia yenyewe ni ya Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani. Alianza kuijenga Philadelphia miaka ya 1960, alipoona kwamba wagonjwa wake wenye sonona walipitiwa na mawazo ya haraka haraka, yasiyoitwa, nao wakiyaamini bila kuyahoji. Mshauri alitueleza hayo kwa dakika chache, tukarudi kwenye karatasi.

Kazi ya nyumbani ndiyo kali. Nilikuwa naogopa kudai wateja wa mkopo; niliamini nikidai, wote watahama. Nikaambiwa niandike utabiri huo kwanza, kisha nidai watatu nione. Mmoja alituma M-Pesa kabla sijafunga kibanda. Wa pili aliomba mwisho wa mwezi. Wa tatu alinitukana, na siku hizi ananunua kwa jirani yangu. Nilidhani mshauri atalipita hilo la tatu. Wapi! Aliniambia niliandike kama lilivyo, kwenye safu ya ushahidi wa kuunga mkono.

Sasa bango. Ukutani wameandika kwa herufi kubwa kwamba siku 21 zinatosha kubadilisha tabia yoyote. Mshauri huyo huyo ndiye aliyetuambia kuhusu utafiti wa London, watu 96, ambapo tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, wengine siku 18, wengine ikakadiriwa 254. Na hizo zilikuwa tabia za kunywa maji na kutembea, si wazo ulilolilea tangu utotoni. Bango bado lipo. Nimeona mwenzetu mmoja, kijana wa bodaboda, akiacha kuja kwa sababu siku zake 21 zilipita na wazo lake bado linamtembelea. Langu pia hunitembelea. Tofauti ni kwamba siku hizi naliuliza lina ushahidi gani kabla sijafunga kibanda mapema kwa ajili yake.

Mengine madogo: wanachelewa kuanza, na yule mzee wa kona ya dirisha anapewa muda mrefu mno. Kama hali yako ni nzito, hulali au unawaza kujidhuru, kikundi hiki si mahali pake; wao wenyewe huuliza siku ya kwanza na kukuelekeza kwa daktari, na hilo wanalifanya vizuri.

Nitaendelea kwenda. Ukija, beba kalamu yako, zao hazitoi wino.